Kundi la Roki la Katuba Halikukosea Kurudisha Mkataba

Mwezi uliopita vijana watano wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, ambao wamepiga roki kwa miaka saba bila kampuni yoyote kuwasogelea, waliletewa mkataba wa kurekodi. Wakakaa nao siku tisa, kisha wakaurudisha bila saini. Tangu siku hiyo mji umegawanyika. Katika vikundi vya WhatsApp vya wanamuziki wa Lubumbashi, wengine wanasema hicho ni kiburi cha watoto wasiojua thamani ya mlango uliofunguka. Wengine wanasema kisa hiki kimethibitisha kwamba roki haina mahali katika mji huu, maana hata nafasi ilipokuja, wapigaji wenyewe hawakujua waifanyie nini. Nimeusoma mkataba huo kwa ruhusa yao, kwa sharti kwamba nisilitaje kundi wala kampuni, na naona pande zote mbili zimekwama mahali pamoja. Zote zinaamini kwamba mkataba wowote wa kurekodi ni hatua mbele, kwa hiyo anayeukataa ana kasoro. Mimi nasema kundi la roki la Lubumbashi halikosi mkataba kwa kukosa kipaji wala wasikilizaji. Mikataba inayozunguka hapa imeshonwa kwa kipimo cha mwimbaji mmoja na kompyuta yake, na kundi la watu watano likiivaa ilivyo, kundi ndilo linalochanika. Vijana wale walilielewa jambo hilo kabla yetu.

Tuanze na namna muziki unavyolipa hapa kwetu, maana wengi wanairuka hatua hii. Muziki wa Kongo haujawahi kuishi kwa mauzo ya sahani peke yake. Umeishi kwa mtu mwenye makuta. Makampuni ya bia yamefadhili makundi kwa miongo mingi, na hadi leo yanafanya hivyo. Kisha yakaja mabanga, yale majina ya matajiri, wanasiasa na wafanyabiashara yanayotajwa ndani ya wimbo kwa malipo. Mtu anayeweka fedha kwa mwimbaji wa Lubumbashi leo hahesabu watu wangapi watanunua wimbo. Anahesabu majina mangapi yataingia katika sebene, harusi ngapi zitamwita mwimbaji, na kampeni ngapi zitamhitaji uchaguzi ukikaribia. Hesabu hiyo ina akili yake na imelisha familia nyingi; siidharau hata kidogo. Lakini ulinganishe na wimbo wa roki: dakika tatu na nusu, ubeti, kiitikio, gita linapanda, kwisha. Hakuna nafasi ya kusimama na kumtaja mkubwa wa kiwanda cha kuyeyusha shaba. Ukilisukuma jina lake humo, wimbo unaanguka, na wale wachache walioupenda wanaondoka. Kwa hiyo prodyuza anayekataa roki huenda ana masikio mazuri kabisa. Ameangalia ndani ya wimbo akaona mlango ambao fedha yake ingerudia haupo.

Jambo la pili ni chumba. Studio nyingi za mji wetu ni vyumba vidogo: kompyuta moja, spika mbili, magodoro yaliyogongomewa ukutani, na maikrofoni moja nzuri ya sauti. Kwa rapu, kwa nyimbo za kanisa zinazoimbwa juu ya midundo ya kompyuta, hata kwa rumba ya siku hizi, vinatosha. Drams, au bateri kama tunavyosema hapa, haziingii humo. Seti moja ikirekodiwa vizuri inataka maikrofoni nane hivi: moja ya ngoma ya mguu, moja au mbili za ile ndogo yenye waya, moja kwa kila tomu, mbili za juu kwa visahani, na moja ya kunasa pumzi ya chumba. Inataka pia dari refu, na umeme usiokatika katikati ya wimbo. Kundi hili limewahi kurekodi nyimbo nne katika studio ya kawaida, na mwenye studio akawashauri mpiga drams apumzike, kompyuta itafanya kazi yake. Nimezisikia nyimbo hizo. Gita ni lao, sauti ni yao, lakini mdundo umekaa kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Hizo ndizo walizotuma Kinshasa, Nairobi na Paris kwa miaka minne kuomba mkataba, na walipojibiwa waliambiwa kwamba kundi halina nguvu. Anayelihukumu kundi kwa rekodi hizo anakihukumu chumba.

Historia yetu inaeleza kwa nini tumezoea kuiona kampuni kama mkombozi. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Jadotville, Likasi ya leo, na mashine yake ya kunasa sauti, akamrekodi kijana wa Bunkeya, Mwenda Jean Bosco, akiwa na gita lake. Sahani zake zilitolewa na Gallo ya Afrika Kusini, na gita la Katanga likasikika hadi Nairobi na mbali zaidi. Kinshasa ilikuwa na lebo ya Ngoma tangu 1948 na baadaye kiwanda chake cha kupiga sahani. Sisi wa kusini tulikuwa na vidole, mashine zilikuwa kwa wengine. Super Mazembe ilizaliwa huku mwaka 1967 kwa jina la Super Vox, chini ya Mutonkole Longwa Didos. Ili ipate soko la sahani ilibidi ihame, na mwaka 1974 ikatia nanga Nairobi. Mwaka 1983 Virgin ya Uingereza ikatoa albamu yake. Hata Kinshasa ya karne hii imepitia njia hiyohiyo: makundi ya Konono No. 1 na Staff Benda Bilili yalipata sikio la dunia kupitia lebo ya Crammed Discs ya Brussels. Ukilelewa na hadithi hizi unajifunza kwamba mkataba hushuka kutoka nje, na ukishuka unaupokea kwa mikono miwili. Hadithi hizo ni za kweli. Ila hazikuambii ni nani aliyebaki na rekodi baada ya makofi kwisha.

Sasa mkataba wenyewe. Tuliusoma katika lupangu lao, yaani ua wa nyumba, huko Katuba, jioni ambayo umeme wa SNEL ulikuwa umekatika tangu saa sita mchana. Drams zilikuwa zimefunikwa blanketi la kijivu kwa ajili ya vumbi. Mpiga drams alishika tochi ya simu, mwimbaji akasoma Kifaransa kwa sauti, na mpiga besi, ambaye alisoma sheria miaka miwili UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kabla ya ada kumshinda, akatafsiri kipengele kwa kipengele. Kurasa kumi na moja. Walipofika kipengele cha saba, mpiga besi alinyamaza, akakirudia kimoyomoyo, kisha akakieleza. Mpiga gita, mdogo wao wote, akamuuliza: «Yaya, njo kusema nyimbo yetu itakuwa yabo?» Akamjibu: «Nyimbo, hapana. Ile sauti tutaingiza studio, njo itakuwa yabo. Milele.» Hapakuwa na mtu aliyesema neno kwa muda. Mwimbaji akaendelea kusoma.

Tofauti hiyo aliyoieleza katika sentensi mbili ndiyo ambayo mji mzima unajadili bila kuijua. Wimbo una umiliki wa aina mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, ambao ni wa mtunzi, na sheria yetu ya Aprili 5, 1986 inaulinda. Halafu kuna rekodi yenyewe, masta, ile sauti iliyonaswa siku fulani katika chumba fulani. Anayegharimia kurekodi huidai masta iwe yake, na masta ndiyo inayoleta fedha kila wimbo unapouzwa, unaposikilizwa mtandaoni au unapowekwa kwenye filamu. Kipengele cha saba kiliipa kampuni masta zote za miaka mitano, albamu tatu, duniani kote, kwa muda wote wa ulinzi wa kisheria. Kipengele cha tisa kiliongeza kwamba kampuni inaweza «kuendelea na mwanakundi mmoja au zaidi» kama itakavyoona inafaa, na kwamba jina la kundi litabaki kwa kampuni. Hapo ndipo ile nguo ya mtu mmoja inapoonekana wazi. Mwandishi wa mkataba hakuona kundi. Aliona mwimbaji mwenye sauti nzuri, na nyuma yake watu wanne wanaoweza kubadilishwa. Katika muziki wa bendi kubwa zetu, ambako mwenye jina anabaki na wapigaji wanakuja na kuondoka, kipengele hicho hakishangazi mtu. Katika roki kinaua. Sauti ya kundi hili ni namna mpiga drams huyu anavyochelewa kidogo na mpiga besi huyu anavyomsubiri. Ukimtoa mmoja, kilichobaki ni jina juu ya bango.

Na fedha? Mkataba uliahidi dola 3,000, ambazo hazikupita mikononi mwao: zilikuwa saa za studio ambayo kampuni ingeichagua. Fungu la kundi lilikuwa asilimia 20 ya mapato, baada ya kampuni kurudisha gharama kutoka katika fungu hilo. Watu wengi husoma maneno hayo haraka. Tuyafanyie hesabu. Tuseme albamu imeingiza dola 5,000, ambazo kwa kundi jipya la roki la hapa ni nyingi. Asilimia 20 ni dola 1,000. Kundi lina deni la 3,000, kwa hiyo hiyo 1,000 inakatwa yote, na bado linadaiwa 2,000. Kampuni iliweka 3,000, imepokea 5,000, imekwisha kupata faida ya 2,000, na katika vitabu vyake kundi lingali mdaiwa. Ili kundi lipokee faranga yake ya kwanza, albamu lazima ipite dola 15,000. Na deni la albamu ya kwanza linahamia ya pili. Hakuna wizi hapo. Ni hesabu ya kawaida ya biashara hii tangu zamani, na lebo kubwa za Ulaya na Marekani zimejengwa juu yake. Ndiyo sababu nataka isomwe kwa kalamu mkononi kabla ya mtu kumwita kijana wa Katuba mwenye kiburi.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni hii: mkataba wa kwanza huwa mbaya kwa kila mtu, na wakubwa wote walianzia humo. Mzee mmoja ninayemheshimu, aliyepiga gita Kamalondo kabla sijazaliwa, aliniambia hivyo na akanitajia Beatles. Ana haki ya kuwataja. Januari 1, 1962 walipiga nyimbo kumi na tano mbele ya kampuni ya Decca huko London, wakakataliwa. Miezi michache baadaye EMI ikawachukua kwa peni moja kwa kila sahani itakayouzwa, peni moja ya kugawana wote. Wangeikataa peni ile, pengine tusingewajua. Hoja hii ina uzito na sitaki kuikwepa. Lakini uliza EMI ilileta nini upande wake. Ilileta studio zake, ambamo drams ziliingia bila kuomba ruhusa. Ilileta prodyuza George Martin, aliyewasikiliza na kuwasahihisha. Ilileta viwanda vya kupiga sahani, magari ya kuzisambaza, na watu wa kuzipeleka redioni. Peni moja kutoka katika mashine ya namna hiyo ilikuwa na maana, kwa sababu mashine ingeweza kuizidisha mara milioni. Mkataba wa Katuba ulidai umiliki wa milele kama wa EMI na kuleta saa za studio ndogo pamoja na akaunti ya kupandishia nyimbo mtandaoni, akaunti ambayo kijana yeyote mwenye simu anaweza kuifungua. Haukuwa na bajeti ya matangazo. Haukuwa na hata safari moja ya kupiga nje ya jimbo. Mkataba mbaya unaokuja na mashine unaweza kujadiliwa. Ule wa Katuba haukuja na mashine yoyote.

Upande mwingine wako wanaoniunga mkono kwa sababu ambayo siikubali. Wanasema: vizuri walivyokataa, siku hizi mkataba hauna kazi, kila mtu anajitoa mwenyewe kwenye intaneti. Ni kweli kwamba Spotify ilifunguliwa kwa Kongo yetu mwaka 2021, na kwamba YouTube haimwulizi mtu cheti. Lakini tangu 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 katika miezi kumi na miwili. Kwa mji ambako watu hununua data kwa megabaiti na kupeana nyimbo kwa Bluetooth na kadi za simu, sehemu kubwa ya wasikilizaji wa kundi hili haionekani katika hesabu yoyote. Wimbo wao mmoja unachezwa katika vibanda vya Kenya na Ruashi, mitaa ya mji huu. Mtandaoni unaonekana kama wimbo ambao haujulikani. Kujitoa mwenyewe ni mwanzo unaofaa. Hakujibu swali la nani atalipia chumba kikubwa, nani ataliandikia tamasha la Lusaka au Nairobi, nani atafuatilia mirabaha. Kazi hizo zinahitaji mtu, na mtu huyo anastahili kulipwa. Nasema hivi kwa uchungu: nilipokuwa kijana nilipiga besi katika kundi moja, tukasaini karatasi bila kuisoma, na kanda zetu sijaziona hadi leo. Hata hivyo sikujifunza kwamba karatasi zote ni mitego. Nilijifunza kusoma.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika sana, ni kwamba roki ni muziki wa Wazungu, au wa shetani, na Mswahili wa Lubumbashi hawezi kuupenda. Habari ya shetani nitaipita upesi: mpiga drams na mpiga gita wa kundi hili wote walijifunza katika makanisa ya uamsho, kama karibu kila mpiga ala wa rika lao mjini hapa, na bado wanapiga Jumapili. Habari ya Wazungu inahitaji majibu kidogo zaidi. Roki ilitoka katika mikono ya Wamarekani weusi, akina Sister Rosetta Tharpe na Chuck Berry, kabla haijavuka bahari. Na kwetu haikuishia mbali. Nenda Kasumbalesa, chini ya kilomita mia kutoka hapa, vuka mpaka. Katika miji ya shaba ya Zambia, Kitwe, Chingola, Ndola, vijana wa miaka ya 1970 walipiga roki ya gita zito iliyochanganyika na ngoma za kwao, muziki ambao dunia inauita Zamrock leo. Makundi kama WITCH na Amanaz: walikuwa vijana wa miji ya migodi kama sisi, wenye ndugu upande huu wa mpaka, wanaonunua unga ule tunaopikia bukari. Rais Kaunda alipoagiza redio ipige asilimia 95 muziki wa Zambia, hakuna aliyesema roki hiyo si ya Zambia. Anayedai kwamba udongo wa shaba hauoti roki hajavuka mpaka.

Na anayedai kwamba lugha yetu ndiyo kikwazo, kwamba lebo za roki zinataka Kiingereza, amtazame mpiga gita Mdou Moctar wa Niger. Anaimba Kitamasheki. Nyimbo zake zilisambaa Sahara kwa simu na kadi za kumbukumbu, kama zinavyosambaa hapa, kabla lebo ndogo ya Marekani, Sahel Sounds, haijamtafuta. Mwaka 2021 akatoa albamu na Matador, lebo ya roki kabisa. Alipofika mezani hapo alikuwa na miaka ya kazi mgongoni na wasikilizaji wake tayari, na lugha yake hakuibadilisha.

Zamrock ina funzo jingine kwa mjadala wetu, na sitaki kulipamba. WITCH walitoa albamu yao ya kwanza mapema miaka ya 1970 bila kampuni. Waliigharimia wenyewe, sahani zikapigwa Nairobi. Kampuni zilikuja baada ya hapo, zilipoona watu wanajaza kumbi. Mpangilio huo ndio ninaoutetea: rekodi kwanza, mkataba baadaye, na mkataba uje kununua kitu ambacho tayari kina mwenyewe. Lakini kujitegemea hakukuwapa maisha mepesi. Bei ya shaba ilianguka katikati ya muongo ule, uchumi wa Zambia ukaanguka nayo, na UKIMWI ukachukua wengi wa wanamuziki wale. Mwimbaji wa WITCH, Emmanuel Chanda, maarufu Jagari, alikwenda kuchimba vito ardhini ili aishi. Ilipita miaka karibu arobaini kabla ya lebo ya Now-Again ya Los Angeles kutoa upya kazi zao zote kwa pamoja, mwaka 2012, na mwaka 2023 WITCH iliyofufuliwa ikatoa albamu mpya. Anayesema kwamba uhuru haulishi watoto anasema kweli. Ninachomwonyesha ni kwamba rekodi ina maisha marefu kuliko hali ya soko la siku ya kusaini. Muziki uliochukuliwa kuwa umekufa mwaka 1985 unanunuliwa Tokyo na London leo, na swali la nani anamiliki masta ndilo linaloamua kama mjukuu wa mpiga gita atapata chochote. Kipengele cha saba kilikuwa kinaamua hilo pale Katuba, chini ya tochi ya simu.

Kuna jambo ambalo vikundi vya WhatsApp havikulipata. Vijana hawakuurudisha mkataba mtupu. Waliambatanisha barua ya ukurasa mmoja, iliyoandikwa na mpiga besi, yenye mapendekezo matatu. Badala ya kuuza masta milele, waipe kampuni leseni ya miaka saba kwa albamu moja, kisha rekodi irudi kwa kundi. Kampuni ishughulike na wote watano au isishughulike na yeyote. Na zile dola 3,000 zitumike kukodi ukumbi mkubwa na maikrofoni, kundi likichagua fundi wa kurekodi. Hawakuomba asilimia zaidi ya 20. Hawakuomba gari, nyumba wala pesa ya mfukoni. Mtu anayeita barua hiyo kiburi anieleze ni kipi kati ya hivyo vitatu kinachoidhuru kampuni inayoamini kweli muziki inaoutoa. Miaka saba inatosha kurudisha dola 3,000; kama haitoshi, basi kampuni yenyewe haikutarajia kuuza.

Barua hiyo inapaswa kutushughulisha sisi wengine kuliko mkataba. Ukweli kwamba iliandikwa na kijana aliyeacha sheria mwaka wa pili unaniuma. Mji una mahakama, una kitivo cha sheria, una mawakili kwa mamia wanaosoma mikataba ya migodi usiku na mchana. Kipengele cha umiliki wa masta ni rahisi mno mbele ya mkataba wa ubia wa mgodi. Mawakili wa Haut-Katanga wakifungua mlango asubuhi moja kwa mwezi kwa msanii yeyote anayeletewa karatasi, nusu ya malalamiko ninayosikia kila mwaka hayangezaliwa. SOCODA, ambayo tangu 2011 ndiyo yenye kazi ya kukusanya haki za watunzi wa nchi hii, ingeweza kutoa mfano wa mkataba wa kundi, wa Kifaransa na wa Kiswahili, unaotenganisha utunzi na masta kwa maneno ambayo mpiga drams atayaelewa bila tafsiri. Redio za mji zinazoomba nyimbo za bure kila siku zingeweza kuandika orodha ya zinachopiga, maana bila orodha hakuna mrabaha wa kukusanya. Na wenye kumbi, zile za zamani za makampuni na za parokia ambazo zina dari refu na zinakaa tupu Jumatatu hadi Ijumaa, wanaweza kupangisha siku mbili kwa bei ya kanisa. Drams hazitaki anasa. Zinataka nafasi ya kupumua na jenereta iliyowekwa mbali.

Kwa kampuni pia nina neno, na nalisema bila uadui, kwa sababu bila fedha yao hatutafika. Soko la mwimbaji mmoja wa mabanga limejaa. Kila lebo ndogo inayoanza Lubumbashi inamkimbilia mwimbaji yuleyule, inampa nguo, video na gari la kukodi, kisha inashindana na Kinshasa kwa silaha za Kinshasa. Upande wa kusini wa mpaka kuna wasikilizaji wanaokumbuka gita zito tangu baba zao. Mashariki, Nairobi ina jukwaa la roki na metali lililo hai kiasi kwamba wawili wa kundi la Duma walitoa albamu yao mwaka 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda. Kiswahili kinavuka mipaka yote hiyo bila pasipoti. Kundi la Lubumbashi linaloimba kwa Kiswahili chetu, juu ya drams zilizorekodiwa ipasavyo, lina njia ambayo mwimbaji wa kumi na moja wa rumba hana. Lakini njia hiyo ni ndefu, na mwekezaji atakayeifuata lazima akubali kumiliki kwa muda kidogo na kurudishiwa taratibu. Mkataba wa albamu moja, leseni ya miaka michache, na hesabu zinazoonyeshwa kila miezi sita: hivyo ndivyo lebo nyingi ndogo zinavyofanya kazi na makundi kwingineko, na hazijafa njaa.

Hadi ninapoandika, kampuni haijajibu barua. Mwimbaji ameniambia amepigiwa simu peke yake mara mbili, na mara zote mbili amesema waongee na wote. Jumamosi jioni wanapiga katika ukumbi mdogo wa mtaa wa Kenya, kiingilio faranga 5,000. Nusu ya kiingilio inaingia katika kopo la maziwa analolitunza mpiga drams chini ya lile blanketi, akiba ya maikrofoni. Wameshanunua tatu. Zimebaki tano.